Paking zikipunguzwa, barabara uipange vipi ili mtembea kwa miguu asigongwe

Sheria ya paking ikishafutwa au kupunguzwa watu wengi wanadhani mtaa utajirekebisha wenyewe, magari yatapungua, watu watatembea, basi. Haiendi hivyo. Ile sheria inagusa kilicho ndani ya kiwanja tu, nje ya geti pale kwenye lami na njia ya miguu ni idara nyingine kabisa, bajeti nyingine, na mara nyingi hata hawaongei. Kwa hiyo jengo jipya linakuja halina paking, mtaa uko vile vile, na magari ambayo zamani yangeingia ndani sasa yanapanda juu ya njia ya miguu. Afu lawama zinaenda kwa sheria mpya wakati kosa ni kwamba hakuna mtu aliyepanga huko nje.

Kwa ambaye hajawahi kukutana nayo, naongelea ile sheria inayomwambia mjenzi lazima aweke nafasi za magari, mfano moja kwa kila nyumba, au idadi fulani kwa kila mita za mraba za duka. London iliachana nayo 2004 ikageuza, badala ya kiwango cha chini ikaweka kikomo cha juu. Buffalo (Marekani) na Mexico City walifuta 2017, Edmonton (Kanada) 2020, Minneapolis (Marekani) 2021, New Zealand serikali kuu iliziagiza halmashauri za miji mikubwa waitoe na mwanzoni mwa 2022 ikawa imetoka. California, jimbo la Marekani, nao tangu 2023 majengo mengi yaliyo ndani ya kama mita 800 kutoka kituo kikubwa cha usafiri wa umma hayalazimishwi tena. Kwa hiyo sio jambo la kujaribu jaribu, lipo na linaendelea kusambaa, swali ni mtaa unaupanga vipi wakati linakuja.

Na kanuni ambayo mimi naiona ndo mama wa zote ni hii: nafasi yoyote utakayoiacha wazi bila kuiamulia kazi, gari litaichukua, ama kwa kusimama ama kwa kukimbia. Hili la kukimbia ndo watu wanalisahau sana so nitalirudia huko chini.

Anza kwa kuhesabu, tena kwa miguu

Usianze na ramani ya kompyuta. Tembea mtaa mzima asubuhi, mchana, usiku na siku ya mapumziko, maana mtaa huo huo una sura nne tofauti. Andika magari mangapi yamesimama, wapi, na kama unaweza rudi kila nusu saa uone yale yale au yamebadilika, hapo utajua nani anakaa dakika kumi na nani ameliacha gari tangu asubuhi. Mara nyingi utakuta nafasi nzuri kabisa mbele ya maduka zimekaliwa siku nzima na wafanyakazi wa maduka hayo hayo, halafu mteja ndo anazunguka.

Andika pia watu wanavukia wapi kweli kweli. Sio zebra ilipo, wanapovukia. Kituo cha basi kikiwa hapa na mlango wa soko au shule uko pale ng'ambo, watu watakata moja kwa moja na hakuna uzio wala kibao kitakachowazuia, zebra ndo inatakiwa iwafuate watu. Kama zebra iko mbali na watu wanapovukia, ihamishe, na kama zebra mbili zimeachana sana weka nyingine katikati. Mtu hatatembea dakika tano kwenda na kurudi ili avuke mita kumi, hata wewe huwezi.

Kitu cha tatu cha kuhesabu ni viingilio vya magari, yaani kila sehemu ambapo ukingo wa barabara umeshushwa ili gari lipite juu ya njia ya miguu kuingia kiwanjani. Hivi ndo dhahabu yenyewe ya sheria mpya, na karibu hakuna anayeviangalia.

Viingilio vya magari

Kila jengo likilazimishwa kuwa na paking, kila jengo linahitaji mdomo wa kuingizia gari. Mtaa wa majengo kumi unakuwa na midomo kumi, pengine ishirini kama kila mmoja ana ya kuingia na ya kutoka. Pale ndo gari linakatisha mbele ya mtu aliye kwenye njia yake mwenyewe, na linalotoka kwa kurudi nyuma ndo baya zaidi, dereva haoni mtoto, haoni mtu wa kiti cha magurudumu. Halafu njia ya miguu inakuwa inapanda na kushuka kila baada ya hatua chache, mzee mwenye fimbo anachoka hata kabla hajafika.

Sasa sheria ikiondoka, jengo jipya halihitaji mdomo tena. Lakini ule wa zamani haujifungi! Kwa hiyo weka sharti kwenye kibali cha ujenzi kwamba kama jengo jipya halina paking, mjenzi anafunga kiingilio cha zamani kwa gharama yake, ananyanyua ukingo, anarudisha njia ya miguu sawa na ilivyo pembeni. Bila sharti hilo kile kipande kilichoshushwa kinageuka ngazi ya kupandia magari kwenye njia ya miguu, nimeona watu wanasahau hili kila mara.

Kwa jengo ambalo bado linataka paking (hakuna aliyekatazwa, ameachiwa achague), kiingilio kiwe kimoja, kitokee barabara ndogo ya pembeni au ya nyuma, magari yakae nyuma ya jengo sio mbele. Majirani wawili wakikubali kutumia kiingilio kimoja vizuri zaidi, na kibali kiwape nafuu kwa hilo. Upana, kama ni magari machache mita 3 inatosha, kubwa zaidi ya hapo gari linaingia kwa spidi. Na njia ya miguu ipite hapo ikiwa tambarare, kwa tofali au zege lile lile, rangi ile ile, gari ndo lipande kuifuata na lishuke. Dereva akihisi amepanda kwenye sehemu ya watu anapunguza mwenyewe, njia ya miguu ikishuka kulifuata gari anaona ni kwake.

Kona

Kama una hela ya kufanya kitu kimoja tu, fanya kona. Gari lililopakiwa karibu na zebra ni ukuta. Anayetaka kuvuka anachungulia kwa kutanguliza kichwa barabarani, mtoto hachungulii anatokeza tu mzima mzima, na dereva anamuona akiwa mita tatu mbele. Dawa yake ni kutoa paking kama mita 6 kabla ya zebra, upande ambao gari linatokea, kwenye barabara yenye spidi zaidi toa hata 9 au 12. California wameshaiweka kwenye sheria, mita 6 hizo, na kuanzia 2025 unapigwa faini hata kama ukingo haujapakwa rangi. Hoboken, mji mdogo jirani na New York, wamefanya hili kona kwa kona kwa miaka mingi na wakapitisha zaidi ya miaka 7 tangu Januari 2017 bila mtu kufa barabarani, ingawa tuseme ukweli hawakufanya kona peke yake, walishusha na spidi, wakabadilisha na taa.

Sasa kupaka rangi ya "usipaki" na kuondoka ni kujidanganya, kesho yake kuna gari limewasha taa za dharura "dakika moja tu". Weka kitu. Vishikio vya kufungia baiskeli ni vizuri sana maana vinazuia gari na unaona kupitia juu yake. Magudulia ya maua sawa ila majani yasipite kama sentimita 60, usije ukatoa gari ukaweka kichaka. Nguzo fupi sawa.

Ukiwa na bajeti zaidi panua kona yenyewe, njia ya miguu isogee mbele ijaze ile nafasi ya paking, acha kama sentimita 30 tu ili ukingo usiingie kwenye njia ya magari. Faida yake ihesabu mwenyewe. Barabara ya mita 14 yenye paking pande zote mbili, mtu wa mwendo wa kawaida, mita 1.2 kwa sekunde, anavuka kwa karibu sekunde 12. Panua kila upande mita 1.9, zinabaki mita 10.2, anavuka kwa 8.5. Mzee wa mita 0.9 kwa sekunde anatoka karibu 16 anakuja 11 na kidogo. Hizo sekunde zote alizookoa ni muda ambao hayuko mbele ya gari. Na zaidi ya hapo, akisimama kusubiri anaonekana, hajifichi nyuma ya kitu chochote.

Kona iwe kali pia, nusu kipenyo cha mita 3 mpaka 5 kwa mitaa ya kawaida. Kona ya mviringo mkubwa inamruhusu dereva kukata bila kugusa breki. Watakuambia lori la taka au la zimamoto halitapita, na hilo ni swali halali, jibu lake ni kuweka kipande cha mawe kilichoinuka kidogo ambacho lori linaweza kukikanyaga polepole ila gari dogo halipendi, na kuruhusu lori litumie upana wote wa mtaa mdogo likikata. Kaa na watu wa zimamoto mapema, kabla ya kuchora, sio baada. Wakishirikishwa mwishoni watakukatalia kila kitu na watakuwa na haki.

Halafu maji! Ukipanua kona unaziba mfereji, mvua ya kwanza zebra inakuwa dimbwi na watu wanazunguka kupitia barabarani. Chemba ya maji iwe upande maji yanakotokea kabla ya kona, au acha mfereji upite kati ya ukingo wa zamani na kona mpya, ufunike kwa chuma ambacho gurudumu la kiti halizami.

Spidi, hapa ndo mtego ulipo

Magari yaliyopakiwa pembeni yana ubaya wake wote lakini yanafanya kazi moja, yanabana barabara. Dereva anaogopa mlango kufunguliwa, anaenda taratibu. Ukiondoa safu nzima ya paking ukaiacha lami wazi, umempa uwanja wa ndege. Nimeshaona mtaa ambao paking zilitolewa "kwa usalama" na ukawa hatari kuliko mwanzo, wakazi wakaomba magari yarudi.

Kwa nini spidi ni kila kitu: dereva wa 30 km/h akishtuka kwa sekunde moja halafu akabana breki kwenye lami kavu anasimama ndani ya kama mita 13. Wa 50 km/h anahitaji kama 28. Yaani pale wa 30 ameshasimama kabisa, wa 50 ndo kwanza anaanza kukanyaga breki, amekugonga kwa spidi yake yote. Shirika la Afya Duniani linasema spidi ya wastani ikipanda kwa asilimia 1 tu hatari ya ajali ya kifo inapanda kwa asilimia 4.

Kwa hiyo kabla hujafuta mstari wa mwisho wa paking, amua ile nafasi ya mita 2.2 inaenda wapi. Kwanza angalia njia ya miguu: je watu wawili wenye viti vya magurudumu wanapishana? Wanahitaji mita 1.8 safi, bila nguzo ya umeme katikati wala kibao cha duka. Kama haipo, jibu ni hilo, panua. Kama ipo, weka miti, au njia ya baiskeli, au vyote kwa kupokezana. Njia ya gari ibaki mita 3, ya basi 3.3, hakuna sababu ya kuipa zaidi ndani ya mji. Kama paking inabaki upande mmoja tu, usiiweke upande ule ule mwanzo mpaka mwisho, ibadilishe, mita hamsini kushoto, hamsini kulia, barabara inapinda pinda bila wewe kutumia hela nyingi na dereva hawezi kukimbia.

Zebra yenyewe inyanyue, sentimita 7.5 mpaka 10, iwe sawa na njia ya miguu. Hapo inafanya kazi mbili, ni tuta na ni kivuko, na mtu wa kiti cha magurudumu anavuka bila kushuka. Barabara ya njia zaidi ya mbili inahitaji kisiwa cha katikati, angalau mita 2 upana ili mama na kigari cha mtoto wakae bila kujibana. Taa ya usiku isiwe juu ya zebra moja kwa moja, iwe kidogo kabla yake upande magari yanakotokea, ili mtu amulikwe usoni na sio aonekane kivuli cheusi.

Helsinki, Finland, wana mitaa mingi ya 30 km/h na miezi 12 iliyoishia Julai 2025 hakuna aliyekufa kwa ajali ya barabarani mji mzima. Oslo, Norway, walitoa mamia ya paking katikati ya mji, nafasi zikapewa viti, baiskeli, miti na magari ya walemavu, na 2019 alikufa mtu mmoja tu barabarani, naye alikuwa dereva. Oslo hawakuondoa paking wakaacha utupu, waliijaza, na ndo ninachokazania hapa.

Wanaohitaji kusimama kweli

Kuna watu huwezi kuwaambia watembee. Mlemavu anahitaji nafasi karibu na mlango, pana, tambarare, yenye mteremko wa kupandia njia ya miguu pale pale sio mita thelathini mbele. Edmonton na New Zealand walipofuta sheria hawakuifuta ya paking za walemavu, na wewe usiifute. Kama jengo halina paking ndani, hakikisha ipo moja au mbili barabarani kabla jengo halijafunguliwa.

Mizigo nayo. Lori la vinywaji litakuja tu, upende usipende, na kama halina pa kusimama litasimama kwenye zebra au njia ya miguu. Kila kipande cha mtaa chenye maduka kipe nafasi moja ya mizigo, ndefu ya kutosha kushusha kwa nyuma, saa fulani mizigo, saa nyingine kushusha abiria. Usiiweke kabla ya zebra, iweke ukishavuka zebra, lori lisizibe. Kituo cha basi hivyo hivyo, kiwe baada ya zebra, ili watu wakishuka wavukie nyuma ya basi na sio mbele yake ambapo hawaonekani.

Njia ya miguu ilinde kwa nguzo, sio kwa vibao. Uwazi wa mita 1.2 mpaka 1.5 kati ya nguzo na nguzo unapitisha kiti cha magurudumu na haupitishi gari. Urefu ufike kiunoni, zile fupi sana dereva hazioni akazigonga na asiyeona anajikwaa.

Na zile paking chache zitakazobaki zilipishe. Najua watu hawapendi kusikia hili. Ila nafasi ya bure inajaa saa mbili asubuhi, halafu wengine wote wanazunguka zunguka, na dereva anayetafuta paking macho yake yako kwenye mapengo, hayako kwenye watu. Donald Shoup, yule profesa wa chuo kikuu cha UCLA kule Los Angeles, alikuwa anasema bei iwe ya kutosha tu kubakiza nafasi moja au mbili wazi kila kipande cha mtaa, na hela irudi mtaa huo huo. Hiyo sehemu ya pili ndo inayotuliza watu, wakiona taa na njia ya miguu imetengenezwa kwa hela ya paking yao kelele zinapungua.

Jaribu kwanza kwa vitu vya bei rahisi

Usimwage zege siku ya kwanza. Rangi, magudulia, nguzo za plastiki, miezi sita. New York walifunga sehemu ya Times Square, ile njia panda maarufu, magari yasipite, 2009 kama majaribio, wakaweka viti vya kukunja vya bei ya chini kabisa, walipoona inafanya kazi ndo wakajenga ya kudumu. Ukikosea kona unahamisha gudulia, sio kuvunja zege.

Wenye maduka watakuja juu, wasikilize, ila waombe kitu kimoja, wawaulize wateja wenyewe wamefikaje. Wenye duka mara nyingi wanadhani wateja wanakuja na gari kuliko ilivyo kweli.

Pima kabla na baada, saa zile zile, siku zile zile za wiki. Usingoje idadi ya vifo, kwa mtaa mmoja ni namba ndogo mno haikuambii kitu na hakuna anayetaka kungoja. Pima spidi ambayo asilimia 85 ya magari hayaizidi, magari mangapi kati ya mia yanasimama mtu akiwa kwenye zebra, watu wangapi wanavukia nje ya zebra, magari mangapi yamepanda njia ya miguu. Kama spidi haijashuka barabara bado ni pana, rudi ubane. Kama watu bado wanavukia nje, zebra iko mahali pabaya.

Na tenga hela ya matengenezo tangu mwanzo, maana nguzo zitagongwa, rangi itafutika ndani ya mwaka. Nguzo ikigongwa mara moja irudishe. Ikigongwa mara ya pili na ya tatu pale pale kaa hapo jioni moja uangalie ni gari gani linakata hivyo na linatokea wapi, mara nyingi utakuta ni lori halina pa kugeuzia, au kona bado ina mviringo mkubwa.